Faili la mchoro limegoma kufunguka? Jiulize kwanza unalitaka la nini

Umetumiwa faili linaloishia na .vsd au .vsdx, unalibofya, na kompyuta inakuuliza ulifungue kwa programu gani. Wengi hapo hukimbilia intaneti, hutafuta kigeuzi cha bure, yaani programu ya kubadilisha aina ya faili, na kupakia faili kwenye tovuti ya kwanza inayojitokeza. Mimi kazi yangu inanikutanisha na michoro ya watu wengi, kuanzia mitandao ya kompyuta na hatua za kazi za ofisini hadi ramani za majengo, na kabla sijagusa kigeuzi chochote najiuliza: nataka kuutazama tu mchoro huu, kuuchapisha, au kuurekebisha? Kila jibu lina njia yake, na mara nyingi unagundua kwamba kugeuza hakukuhitajika kabisa.

Tuanze na kutazama, maana ndiyo shida ya wengi. Faili za .vsd na .vsdx ni za Visio, programu ya michoro ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2000 pamoja na kampuni iliyoitengeneza. Visio inauzwa, nayo si sehemu ya Microsoft Office ya kawaida yenye Word na Excel, ndiyo maana unaweza kuwa na Word kwenye mashine yako na bado mchoro ukagoma. Dawa ninayoitegemea ni LibreOffice, ambayo ni ya bure na ndani yake kuna programu ya kuchora iitwayo Draw. Draw imekuwa ikifungua .vsd tangu toleo la 3.5 la mwaka 2012. Ukishaisakinisha, fungua Draw kwanza, kisha litafute faili kupitia menyu yake. Inkscape, programu nyingine ya bure ya kuchora, nayo inafungua mafaili haya, na kama lako ni .vsdx unaweza kuliburuta hadi kwenye tovuti ya kuchora ya draw.io likafunguka humo humo kwenye kivinjari. Draw.io ina toleo la kusakinisha pia, na hilo ndilo ninalolipendelea kwa michoro ya watu wengine.

Sababu ya kulipendelea ni hii. Mchoro wa mtandao wa ofisi huwa na anwani za mashine, majina ya seva, pengine hata mahali kamera zilipo. Ukiupakia kwenye tovuti usiyoijua ili ikugeuzie bure, umeikabidhi ramani ya nyumba ya mtu. Kwa hiyo mchoro wowote usio wangu naugeuza ndani ya kompyuta yangu, basi.

Kabla hujaanza kulaumu programu, hakikisha faili ni lile unalodhani. Kuna .vss na .vssx, ambazo hazina mchoro ndani: ni makabati ya maumbo tu, yaani visanduku na alama ambazo mchoraji anazichomoa anapochora. Mtu akikutumia hilo kwa bahati mbaya, hakuna kigeuzi kitakachokutolea mchoro, mwombe faili lenyewe. Kuna .vst na .vstx pia, ambazo ni violezo, yaani kurasa za kuanzia mchoro mpya. Na kuna mafaili yaliyobadilishwa jina la mwisho na mtu aliyedhani kwamba kuandika .pdf kunaligeuza faili kuwa PDF. Ukilishuku faili, lifungue kwa programu ya maandishi matupu na utazame herufi za mwanzo kabisa. Likianza na PK, ni furushi la zip, yaani mafaili kadhaa yaliyobanwa kuwa moja, kama ilivyo .vsdx. Likianza na %PDF, ni PDF hata likijiita vingine. Likianza na AC na tarakimu nne, hilo ni .dwg la AutoCAD, programu ya michoro ya kihandisi na majengo, na tarakimu hizo zinakutajia toleo: AC1015 ni la AutoCAD 2000, AC1027 ni la 2013, AC1032 ni la 2018. Ukimaliza kutazama, funga bila kuhifadhi.

Hilo la PK lina faida nyingine. Kwa kuwa .vsdx, umbizo (muundo wa faili) lililoingia na Visio 2013, ni furushi la zip lenye mafaili ya XML, ambayo ni maandishi yenye alama za mpangilio, unaweza kutengeneza nakala, ukaibadilisha jina iishie na .zip, ukaifungua kama folda. Kurasa zimo kwenye folda ya visio/pages, na picha zilizobandikwa huwa kwenye visio/media. Mchoro ukikataa kabisa kufunguka, kwa njia hii bado unaweza kuokoa maandishi na picha. Kwa .vsd ya zamani ujanja huu haufanyi kazi, kwani muundo wake ni mwingine kabisa.

Sasa kugeuza. Kama ni kwa ajili ya kuchapisha au kumtumia mtu asome, chagua PDF. Ndani ya PDF mistari inabaki mistari na maandishi yanabaki maandishi, kwa hiyo hata ukikuza mara kumi hakuna ukungu, na msomaji anaweza kutafuta neno. Kwa tovuti, SVG, picha inayohifadhiwa kama mistari, inafanya kazi hiyo hiyo. PNG niiweke mwisho: ni picha ya pikseli, yaani vidoa vidogo vya rangi, inatoa ukurasa mmoja tu uliopo mbele yako, na ukiitoa kwa ukubwa mdogo maandishi madogo hayasomeki. Kama lazima iwe PNG, ongeza msongamano hadi pikseli 300 kwa inchi. JPEG kwa michoro sioni sababu yake, huchafua kingo za herufi.

Ukiwa na mafaili mengi, usiyafungue moja moja. Funga LibreOffice, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) kwenye folda husika na uandike soffice --headless --convert-to pdf ikifuatiwa na jina la faili. Kwenye Linux unaweza kuweka *.vsd mwishoni, na folda nzima ikageuzwa.

Kurekebisha ndiko kwenye kazi. Draw inafungua faili la Visio lakini haihifadhi tena kwa umbizo hilo, inakupa .odg yake. Kwa hiyo kama mwenye mchoro anautaka urudi ukiwa .vsdx, mweleze mapema, au mtumie orodha ya marekebisho ayafanye mwenyewe. Na baada ya kufungua popote pasipo Visio, kagua vitu hivi kabla ya kuuamini mchoro: fonti, kwani ikikosekana kwenye mashine yako inabadilishwa na nyingine na maneno yanamwagika nje ya visanduku, mishale, ambayo huweza kuachia kisanduku ilichoshikilia, na idadi ya kurasa. Mshale uliohama ni hatari kuliko fonti mbaya, kwa sababu mchoro bado unaonekana mzuri huku ukisema uongo.

Kutoka PDF kurudi kwenye mchoro, punguza matarajio. Draw inaifungua PDF, ila kinachotoka ni vipande: mstari peke yake, neno peke yake, hakuna kinachomfuata mwenzake ukikisogeza. Kwa kubadilisha neno moja inatosha. Kwa zaidi ya hapo, ni haraka kuchora upya.

Na unapotoa michoro yako mwenyewe, kuna chaguo ambalo wachache wanalitumia. LibreOffice inaweza kuficha faili la asili ndani ya PDF unayoitoa, na draw.io inaweza kufanya hivyo ndani ya PNG au PDF. Msomaji anaona picha ya kawaida, lakini anayetaka kuhariri anaifungua kwa programu ile ile na kukuta kila kisanduku na mshale wake.