Maneno ya Kihispania ninayo, sentensi ndizo zinanishinda

Kaka, nimekuelewa: unapeleka wageni kuona matumbawe hapa Malindi, Kiitaliano unakimudu, sasa umeanza kupata Wahispania na maneno uliyoyakariri hayaungani.

Achana na orodha kwanza. Shika kitenzi kimoja, querer, kutaka. Quiero agua, nataka maji. Nafsi imo mwishoni mwa kitenzi, kwa hiyo yo (mimi) si lazima. Kukanusha, tanguliza no: No quiero agua. Kumuuliza mgeni kwa heshima: ¿Quiere agua? Ukizoea, ongeza hay kwa kilichopo (Hay tortugas, kuna kasa), halafu vamos a kwa mtakachofanya: Vamos a salir a las ocho, tutatoka saa nane ya kizungu. Hiyo ocho ni saa mbili yetu, usije ukamngoja mtu hadi jua la utosi.

Wengi hukwama kwenye es na está. Sisi tuna nafuu: El barco es blanco, boti ni nyeupe, El barco está aquí, boti iko hapa. Hali ya sasa nayo huchukua está: El mar está tranquilo, bahari imetulia. Sifa hufuata jina na kupatana nalo, barco blanco (boti, jinsia ya kiume) lakini playa blanca (ufuko, jinsia ya kike). Kwa mzoefu wa ngeli, jinsia mbili ni kitu gani?

Kiitaliano kitakusaidia, ila kitakuponza pia. Salire ya Kiitaliano ni kupanda. Salir ya Kihispania ni kutoka. Mgeni apande botini, mwambie suba.

Maelekezo ya usalama usibahatishe. Tafuta mwalimu au mkalimani akuandikie, uyasome vilevile.