Waache kwanza washike umbo

Mwalimu mwenzangu, umesema wanafunzi wako wa uchoraji wa kiufundi wanapiga mistari safi, ila ukiwataka wachore mwonekano wa mbele, wa juu na wa upande, wanapotea. Sidhani shida ni mkono. Ni jicho.

Weka rula ya T kando kwa vipindi vichache. Kata kipande cha sabuni kiwe na umbo la ngazi, ukilaze juu ya karatasi, uso wa mbele ukitazama dari. Mwanafunzi achore anachokiona akiitazama kutoka juu, kwa mkono mtupu. Sasa abingirishe sabuni kuja upande wake: uso wa juu unajitokeza, na anauchora pale pale ilipotua, yaani chini ya mwonekano wa mbele. Akiibingirisha kwenda kulia kutoka pale ilipoanzia, anapata upande wa kushoto. Hiyo ndiyo pembe ya kwanza, mojawapo ya njia mbili za kupanga mionekano kwenye karatasi, na hakuna aliyekariri kitu.

Pembe ya tatu, ile njia nyingine, ambako mwonekano wa juu hukaa juu ya ule wa mbele, isubiri. Mimi niliwahi kuzifundisha zote mbili wiki moja. Kusahihisha ile kazi kulinitoa jasho.

Wakizoea, warudishe kwenye ubao wa kuchorea: penseli ngumu ya 2H kwa mistari hafifu ya kuanzia, ya HB, iliyo laini zaidi, kwa mistari ya mwisho. Isometriki, yaani mchoro mmoja unaoonyesha nyuso tatu kwa pamoja, na mistari yake ya nyuzi 30, itakuwa rahisi baadaye, kwani umbo wanalo kichwani tayari. Na usikimbilie kompyuta. Programu itamchorea hata asiyeelewa, nawe hutajua.