Mifarishi saba, mikono miwili: barua kwa mwanangu

Mpwapwa, katikati ya Mei

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unasema una mifarishi saba ya viraka uliyoianza na hakuna hata mmoja uliokwisha, unapata saa tano tu kwa wiki ukitoka kazini Mtumba, mtoto wa shoga yako anatarajiwa mwanzoni mwa Agosti, na harusi ya binamu yako ni mwanzoni mwa Oktoba. Unauliza kama ushone mmoja mpaka uishe ndipo ushike mwingine.

Hapana, mama. Ukishika mmoja tu, siku umeme ukikatika utakaa bure, na siku mgongo umechoka kuinamia mkasi utakata hivyo hivyo na miraba itakwenda upande. Weka wazi mitatu, kila mmoja kwenye hatua yake: mmoja wa kukata na kupiga pasi, mmoja wa cherehani, mmoja wa sindano ya mkono. Ile minne mingine ifunge kwenye mifuko. Ukimaliza hatua ya mmoja, unausogeza mbele, na mwingine unatoka mfukoni kuchukua nafasi yake.

Halafu angalia ilipokwamia. Kwa maelezo yako, miwili uso wake umeshaunganika, inangoja bitana tu. Hiyo ndiyo kazi unayoikwepa: kutandika sakafuni tabaka tatu, yaani bitana, pamba na uso, kisha kupiga bandi, ile mishono mirefu ya muda ya kuzishikiza pamoja. Wengi hukwama hapo hapo, kwa sababu inataka sakafu nzima, magoti na nusu siku isiyokatizwa, si saa moja ya jioni. Kwa hiyo usiipangie jioni. Chagua Jumamosi moja, sukuma kitanda ukutani, tandika yote miwili siku hiyo hiyo pamoja na wa mtoto ukiwa tayari. Ni afadhali ifanyike kabla ya katikati ya Juni. Baada ya hapo upepo wa Dodoma unapamba moto, na vumbi likishaingia kati ya pamba na kitambaa cheupe, kulitoa ni shida. Piga deki, acha sakafu ikauke kabisa, funga madirisha.

Bitana iweke chini, upande mzuri ukitazama sakafu, uibandike kingo kwa utepe wa karatasi wenye gundi mpaka inyooke bila kuvutika. Ukiivuta kama ngoma, ukiachia itajikunja na kuacha mikunjo kwa nyuma. Juu yake pamba, juu uso. Anza bandi katikati uelekee pembeni, mistari iachane upana wa kiganja, kama inchi 4. Ukianzia pembeni, ziada yote ya kitambaa inasukumwa katikati na hapo haina pa kwenda. Ukitumia pini za kufunga badala ya bandi, usiziache miezi. Zinashika kutu na doa lake halitoki.

Bitana umeniuliza inunuliwe yadi ngapi. Mfarishi wa inchi 60 kwa 72 unataka bitana ya 68 kwa 80, yaani inchi 4 za ziada kila upande. Kitenge kina upana kama wa inchi 44, kwa hiyo lazima uunganishe vipande viwili. Ukivisimamisha kwa urefu, unahitaji mara mbili ya inchi 80, ambazo ni 160, karibu yadi nne na nusu. Ukivilaza, unahitaji mara mbili ya 68, ambazo ni 136, na yadi nne zinatosha. Ni kitambaa kile kile, umekigeuza tu. Vile vilivyobaki kwenye kipande cha yadi sita kata pindo: vibanzi 7 vya upana wa inchi 2 na nusu vinazunguka mfarishi mzima na vinabaki kidogo.

Sasa tarehe. Usikisie, pima. Shona kwa mkono, sindano ikipita tabaka zote tatu, eneo la futi moja ya mraba huku ukiangalia saa, kisha zidisha. Tuseme umetumia saa moja na dakika 40. Wa mtoto ni inchi 36 kwa 45, kama futi za mraba 11, kwa hiyo ni saa 19 hivi, wiki nne kwako. Hesabu ukirudi nyuma: uwe umekwisha tarehe 20 Julai ili ufuliwe na kukauka, wiki moja ya pindo inakupeleka tarehe 13, wiki nne zinakupeleka tarehe 15 Juni. Bandi iwe imeshapigwa siku hiyo. Usiutie vifungo wala shanga. Mtoto ataving'oa na kuvitia mdomoni.

Wa harusi una bloku 18, ile miraba mikubwa iliyoungwa kwa viraka, kati ya 30 za inchi 12. Kama bloku moja ni dakika 40, zilizobaki ni saa nane, si nyingi. Shida ni mbele: futi za mraba 30 kwa mkono ni saa 50, yaani wiki kumi. Ukianza baada ya wa mtoto utafika mwisho wa Septemba ukiwa huna hata siku moja ya kuugua. Huo upitishie cherehani. Legeza kidogo shinikizo la mguu wa cherehani, refusha mshono ufike milimita 3 au zaidi, anzia mstari wa katikati. Cherehani ya kawaida huvuta tabaka la chini haraka kuliko la juu, ndiyo maana bila bandi ya kutosha uso unajikusanya mbele ya mguu. Na uzi wa mkono ubaki kwenye ule wa mtoto, ambao umeme ukikatika unausogeza karibu na taa ya sola na kuendelea.

Kabla hujagusa hizo bloku 12, fanya jaribio dogo. Tangu Februari hujazishona, na najua hapo katikati umeshona nguo, sindano umebadilisha, pengine hata mguu. Kata miraba miwili ya inchi 2 na nusu, iunganishe kwa mshono wa robo inchi, piga pasi, pima. Lazima upate inchi 4 na nusu kamili. Ukipata pungufu hata kwa moja ya nane ya inchi, mshono wako ni mpana, na mstari wenye miraba 12 una mishono 11: utakuwa umepoteza zaidi ya inchi moja na bloku mpya hazitakutana na zile za zamani. Bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani pale robo inchi ilipo, usikiondoe mpaka bloku zote 30 ziishe.

Ule uliochanganya jinzi na kitenge nakuomba uuvunje. Jinzi ni nzito, itakivuta kitenge na kukichana kwenye mshono baada ya kufua mara chache. Jinzi peke yake itakuwa mkeka mzuri wa watoto kukalia, usiotaka hata pamba katikati.

Kwa minne inayofungwa mfukoni: kata vyote kabla hujafunga, hasa vya kitenge. Chapa ukiiona leo soko la Majengo, mwezi ujao huenda usiikute, na kurudi kutafuta yadi moja inayofanana ni kupoteza siku. Kata pia mraba mmoja wa ziada kwa kila rangi. Kitambaa chekundu na cha bluu iliyokolea kifue kwanza siku maji yanatoka, kisha kikiwa kibichi kigandamize na kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, rudia kukifua hadi kikome. Ndani ya mfuko tia kadi yenye vitu vitatu tu: ukubwa wa mfarishi, upana wa mraba uliokatwa, na hatua inayofuata kwa maneno ya kufanyika, kwa mfano “unganisha safu ya 4 na ya 5”. Ukiandika “endelea kushona” utakapoufungua Novemba hutajua uanzie wapi. Toboa kadi, fungia uzi uliokuwa unatumia.

Ule wa nyota ambao ncha zake zimekatika usiufumue bado. Nadhani ulipima ukingo wa bloku bila kuacha robo inchi nje ya ncha. Nitumie picha ya bloku moja kwa nyuma, ikiwa na rula juu yake, nione mshono umepita wapi.

Mama yako