Kituo gani kitamfaa mwanangu? Maswali ya wazazi wa Mtwara na Lindi

Shikamoo Mwalimu. Naishi Shangani, Mtwara. Mwanangu ana mwaka na miezi minane. Nimeona vituo viwili. Kimoja kina kuta za katuni, bembea na gari la kuchukua watoto, na wanafundisha Kiingereza. Kingine kipo nyumbani kwa mama mmoja Chikongola, watoto wachache, wanachezea makopo na mchanga. Baba yake anataka cha kwanza. Nichague kipi?

Marahaba, mama. Usichague bado. Nenda vyote viwili bila kutoa taarifa, na usiende asubuhi watoto wakiwa wamepakwa mafuta na walezi wako getini wanatabasamu. Nenda saa tano, uchovu umeingia na njaa inauma. Kaa pembeni, umtazame mtoto anayelia. Nani anamfuata? Anamwinamia, anamwita kwa jina lake, anambeba? Au anafokewa "nyamaza" kutoka mlangoni? Mwanao bado hana maneno ya kukusimulia jioni yaliyompata mchana, kwa hiyo saa moja ya kukaa pale ina thamani kuliko maelezo yote ya mwenye kituo.

Kisha hesabu vichwa. Mlezi mmoja hawezi watoto ishirini wa umri huo, hata awe na upendo kiasi gani. Kwangu mimi watano au sita wanamtosha. Uliza pia walezi wamekaa hapo muda gani, maana kituo chenye dada mpya kila mwezi hakimpi mtoto mtu wa kumzoea. Ingia chooni, ingia jikoni. Jiko la mkaa liko wapi? Kisima kina mfuniko? Ndoo za maji je? Mtoto mdogo huzama hata kwenye ndoo. Angalia na chumba cha kulala mchana: bati tupu bila dari, dirisha moja dogo, kwa joto letu la Desemba, hapo si mahali pa kumlaza mtoto.

Kuhusu Kiingereza, mwambie baba taratibu: mtoto wa umri huo hujifunza lugha kwa mtu anayezungumza naye na kumjibu. Mlezi anayewasimulia hadithi kwa Kiswahili, anayewauliza "hiki nini?" na kungoja jibu, anafundisha kuliko kaseti ya nyimbo za kukariri. Makopo na mchanga ni vifaa halali kabisa, ilimradi makopo hayana ncha kali. Lakini usimwonee haya mama wa Chikongola. Naye mpime kwa vipimo vilevile, kwa sababu uchache wa watoto peke yake si sifa. Na hilo gari, uliza nani anakaa nyuma na watoto. Kama ni dereva peke yake, mimi simpandishi wangu.

Nitajuaje kama kituo kimesajiliwa? — Baba, Lindi mjini

Omba uone cheti. Vituo vya kulelea watoto mchana vinatakiwa kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ukiwa na shaka, fika kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako umuulize. Ni kazi yake. Ukishuhudia mtoto anapigwa au kufungiwa ndani, piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Sisi ni wakulima wa korosho Tandahimba. Msimu ukifika, mimi na mke wangu tunashinda shambani. Mtoto ana miaka miwili na kijijini hakuna kituo. Bibi yake yupo ila magoti yanamsumbua. Tumwachie bibi au twende naye?

Ndugu yangu, wakati wa kupulizia mikorosho dawa msiende naye hata siku moja. Vumbi la salfa huwasha macho na kubana kifua, na mtoto hupumua hewa ileile mnayopumua ninyi mkiwa mmejifunga vitambaa puani. Wakati wa kuokota kuna nafuu, mradi kuna kivuli na mtu wa kumtazama. Penye kukaanga na kubangua, mbali kabisa: mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi.

Bibi ni hazina, ila mtoto wa miaka miwili anakimbia na bibi hakimbii. Mtafutieni msaidizi mtu mzima, si dada yake wa miaka tisa anayetakiwa kuwa shuleni. Na kwa kuwa tatizo hili ni la nyumba nyingi, ongeeni na majirani: kaya tano au sita zikichanga unga na kumlipa mama mmoja anayeaminika, mmeshapata pa kuanzia. Mwiteni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata awaelekeze mapema, kabla msimu haujaanza.

Wiki ya pili sasa mwanangu analia kila nikimwacha. Nimtoe? — Mama, Mikindani

Uliza analia kwa muda gani baada ya wewe kuondoka. Akitulia, akala na kucheza, mpe muda. Kwa mtoto mdogo kutengana na mama ni kilio. Muage, usimtoroke. Anayetorokwa huanza kukuchunga hata nyumbani. Ila akikataa kula siku nzima, akishtuka usingizini, akimwogopa mtu mmoja hasa, au akirudi na alama zisizo na maelezo, mtoe leo, maswali yafuate.

Kituo kinawapa watoto karanga na korosho kama kitafunwa. Ni sawa?

Zikiwa zimesagwa kwenye uji, vizuri sana. Nzima nzima hapana, hadi avuke miaka mitano, kwani zinaweza kumpalia na kuziba njia ya hewa. Waambie leo.

Nimerudi kazini, mtoto ana miezi mitano na bado ananyonya. Mwajiri anasema muda wa kunyonyesha hakuna. — Mama, Ligula

Upo, mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Kwa hiyo kwako ukaribu wa kituo na ofisi uje kabla ya mambo mengine mengi. Kama huwezi kufika, kamua maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko, na kabla ya kulipa ada uliza kituo kina friji na nani atamnywesha kwa kikombe.