Kioo cheusi na shamba la zabibu

SWALI: Nina ekari mbili za zabibu Hombolo, Dodoma, na nataka kujenga nyumba ya wageni ya vyumba sita. Shamba liko magharibi ya nilipopanga kujenga. Fundi alumini anashauri ukuta wote wa mbele uwe kioo cheusi, wageni waone shamba na machweo. Nichukue cha milimita 6 au 8?

JIBU: Ndugu yangu, hata ukichukua cha 12 ni yale yale. Kioo cheusi hunyonya joto, kikapata moto chenyewe, kisha kikaurudisha chumbani. Huyo fundi anauza kioo. Usingizi wa mgeni haumhusu.

Niliwahi kulala kwenye nyumba ya namna hiyo. Saa tisa alasiri mapazia yalikuwa yamebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo, feni inazungusha hewa ya moto. Usiku nikawasha taa: kiooni najiona mimi, na mlinzi nje ananiona mimi. Shamba nililolilipia sikuliona mpaka nilipotoka na kiti.

Jua la magharibi huingia chini ya paa lolote. La mchana ni rahisi: Dodoma, hata Juni, saa sita linakuwa juu kwa takriban nyuzi 60, na baraza ya mita 2 inalizuia. Kwa kuwa shamba ni lako, hamishia nyumba kusini mwa mizabibu, iwe nyembamba, ubavu mrefu wenye baraza utazame kaskazini. Kama mistari inaelekea huko, jicho litapita katikati yake badala ya kugota kwenye majani. Upepo wa kiangazi hutoka mashariki, kwa hiyo hata siku ya kupuliza salfa ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, vumbi halitaelekea vyumbani. Kuta ziwe nene, madirisha ya kawaida. Wagogo walijenga tembe kwa udongo mnene wakiwa na akili zao timamu.

Halafu kumbuka Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, yaani unapogoa mara mbili. Wiki hizo kioo kitaonyesha vijiti. Mgeni mpe njia ya kupita kati ya mistari, na mkasi akitaka.

Wanaonunua ramani za nyumba za kupakua mtandaoni nawaomba kitu kimoja: muulizeni muuzaji kaskazini iko wapi. Akijibu kwamba inafaa kiwanja chochote, msitoe hela.