Kilo 364 za hewa

Juzi jioni mdogo wangu mmoja wa kazi alinitumia picha: maboksi tisa yamepangwa ukutani kama matofali, pembeni mzani wa bafuni, na chini ameandika, "Dada, Mungu mkubwa, zote zimelipiwa!" Niliitazama picha ile mara mbili. Maboksi makubwa, mzani mdogo, futi haionekani popote. Tumbo likanikata kana kwamba ni mimi ninayekwenda kulipa.

Nilimpigia simu, maana mambo mengine ukiyaandika mtu anakujibu kwa kikatuni cha kucheka. Lakini huyu ni wa tatu mwaka huu, na nimechoka kusimulia habari ileile kwa simu. Kwa hiyo nyinyi mnaoanza kuuza mtandaoni mkiwa nyumbani, kaeni hapa kidogo. Sitawafundisha kufungua akaunti ya biashara wala kupanga katalogi. Hayo mnayajua kuliko mimi, mnayafanya kwa dole gumba moja huku mnakula.

1. Bei iandikwe. "Bei inboksi" ni namna ya kumfukuza mteja huku unatabasamu.

2. Picha zipigwe mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Bluu ikionekana kijani, mzigo utarudi na nauli ya kuurudisha utalipa wewe.

3. Punguzo. Hapa chukueni kalamu, maana kila mgeni ananibishia. Kitu kimekugharimu 100. Umeongeza asilimia 25, unauza 125. Mwisho wa mwezi biashara imelala, unatangaza punguzo la asilimia 20. Asilimia 20 ya 125 ni 25. Umerudi 100. Umeshona bure, umefunga bure, umejibu "mpo?" arobaini bure, na soko ulilouzia bado linataka kamisheni yake, ambayo kwa kawaida inakatwa kwenye bei uliyouzia, si kwenye faida yako. Yaani umemlipa mteja akuondolee stoku. Mtu ananiambia, "Lakini dada, nimeongeza 25, nimetoa 20, si bado tano iko?" Haiko, mpenzi. Ulipanda ukihesabu kutoka 100, unashuka ukihesabu kutoka 125.

4. Pima boksi. Sikusema pima uzito. Nimesema pima boksi.

Mimi nashona mito ya makochi. Mwaka wa pili wa biashara nilipata mkataba na kampuni moja ya vifurushi: wanakuja kuchukua mzigo mlangoni, na ankara inafuata baada ya wiki mbili. Nilijiona nimeshafika. Kabla ya hapo nilikuwa nabeba mzigo mwenyewe hadi kaunta, nasimama foleni, na yule wa kaunta ananitajia nauli papo hapo. Nikiona kubwa, narudi nao nyumbani. Sikujua kuwa ile foleni ndiyo iliyokuwa inanilinda.

Nikaamua kutoa seti ya mito sita. Nikafunga seti ya kwanza kwenye boksi, nikaliweka kwenye mzani: kilo nne, pamoja na utepe wa gundi. Nikafungua jedwali la nauli, nikashuka na kidole hadi mstari wa kilo nne, nikaichukua ile namba kama ilivyo na kuiweka kwenye ukurasa wa bidhaa. Nilikuwa najisifu kwamba wenzangu wanakisia nauli, mimi napima.

Seti zilitoka 14 kwa siku tatu. Sijawahi kushona vile. Sebule ilijaa nyuzi, watoto walikuwa wanakula wamesimama.

Kijana wa kuchukua mzigo alipofika alichomoa tepu ya chuma kiunoni, akapima boksi la kwanza: urefu, upana, kimo. Akaandika kwenye karatasi. Akapima la pili. Akaniuliza, "Mama, humu kuna nini?" Nikamwambia mito. Akasema, "Aah." Ile aah ya mtu anayekuona unaelekea shimoni lakini hamjazoeana kiasi cha kukushika mkono. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na futi ya fundi shingoni, ile ya kitambaa, tangu alfajiri. Kwa futi ile nilikuwa nimepima kila pindo la kila foronya, nusu sentimita haikunipita. Boksi sikulipima hata moja. Nilimwona kijana ni mbea tu.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa tamu. Nilipeleka arubuni ya mashine ya pili. Nilimshauri jirani aache kazi. (Hakuacha, na sijamuuliza kwa nini.)

Ankara ikaja Jumatatu. Nilidhani wamenichanganya na mtu anayeuza injini. Palikuwa na safu mbili: uzito halisi, nne, nne, nne, hadi chini; na uzito wa kutozwa, thelathini, thelathini, thelathini. Nikapiga simu na sauti yangu ya kugombeza watoto. Dada wa huduma kwa wateja alinisubiri nimalize, kisha akauliza kwa upole, "Vipimo vya boksi lako ni vipi?" Sikuwa navyo. Alikuwa navyo yeye: sentimita 60 kwa 50 kwa 50.

Sasa sikilizeni, maana ndiyo sababu ya makala nzima. Ndege na gari la mizigo linaweza kujaa kabla halijalemewa. Mito ikijaza nafasi yote, vyuma havipandi, na mwenye gari hawezi kuishi kwa nauli ya mito. Kwa hiyo kampuni nyingi za vifurushi zina uzito wa ujazo: unazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, unagawanya kwa 5000, jibu ni kilo. Wanalinganisha jibu hilo na la mzani, wanatoza lililo kubwa. Boksi langu: 60 mara 50 mara 50 ni 150,000. Gawanya kwa 5000, kilo 30. Wapo wanaogawanya kwa 6000, na wapo wanaopandisha vipande hadi kilo nzima inayofuata, kwa hiyo soma masharti ya unayemtumia. Yangu yalikuwa ukurasa wa tatu wa mkataba. Nilitia sahihi ukurasa wa nne.

Mteja amelipia kilo nne, mimi nadaiwa thelathini. Pengo ni kilo 26 kwa kila oda, oda 14. Kilo 364 za hewa, nimezisafirisha kwa upendo, kila boksi na kadi yake ya shukrani. Faida ya seti moja ingefunika labda kilo tano kati ya hizo 26.

Ningeishia hapo ingekuwa hasara tu. Lakini usiku ule sikulala, na saa kumi alfajiri nikafanya lile ambalo hadi leo nikilikumbuka nazima taa hata kama ni mchana. Niliwaandikia wateja wote 14, ujumbe mmoja mrefu, nikiwaomba waongeze nauli. Mzigo wameshaupokea, wameshaukalia. Nikaeleza habari za ujazo, nikaeleza habari za watoto wangu, nikaweka na mchoro. Wawili walilipa, kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko deni. Watatu wakanipa nyota moja. Wengine wakakaa kimya, na hawajanunua tena. Mmoja alijibu mstari mmoja: "Mito ni mizuri, hesabu ni zako." Sina la kumjibu hadi leo. Bei ukishaitamka na mtu akalipa, imeisha. Ukipunjika, umepunjika peke yako.

Ankara ile niliilipa vipande vipande kwa miezi saba. Arubuni ya mashine ilipotea.

Siku hizi nauza foronya bila pamba. Foronya sita zinalala kwenye bahasha, mteja anajaza mwenyewe huko aliko. Anayetaka mito kamili, naifunga kwenye mifuko ya kunyonya hewa, naikandamiza mpaka iwe kama mikate bapa, na boksi linashuka hadi 50 kwa 40 kwa 25. Fanyeni hesabu: kilo kumi. Ndani naweka karatasi, "Ikung'ute, iache siku nzima ivimbe," kwa sababu wa kwanza alinipigia akilia kwamba nimemuuzia mazulia.

Yule wa maboksi tisa, nilipompigia alikuwa bado hajakabidhi mzigo. Alipima kwa rula ya shule ya mwanawe, anaisogeza sentimita thelathini thelathini, anahesabu kwa sauti. 70 kwa 60 kwa 40. Akanyamaza. Nikamwacha anyamaze.

5. Usiwahifadhi wateja kwenye nyumba ya mtu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takriban saa sita, na mimi nilikuwa nimekaa na oda zilizoishia nusu, sijui namba ya mteja hata mmoja kwa kichwa. Weka majina, namba na barua pepe kwenye daftari au jedwali lako, nakala yake mahali pengine. Na wale mnaolalamika kwamba matangazo ya WhatsApp hayawafikii watu: orodha ya matangazo inamfikia tu aliyehifadhi namba yako, na orodha moja mwisho wake ni watu 256. Mwombe mteja akuhifadhi siku anapolipa, akiwa bado anakupenda.

6. Skrinishoti si malipo. Angalia salio lako mwenyewe, ndipo ufunge boksi. Anayesema "nina haraka, nimeshatuma, angalia picha" ndiye wa kumwangalia mara mbili.

7. Unayepokea malipo kwa kadi ya benki, tunza uthibitisho wa kufikisha mzigo. Mteja mara nyingi ana hadi siku 120 za kupinga malipo kupitia benki yake, na benki haitasoma maongezi yenu ya kuitana "kipenzi". Itataka namba ya kufuatilia mzigo na sahihi ya aliyepokea.

8. Uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti yako iombe namba ya siri ya pili kabla ya kumfungulia mtu. Washa sasa. Nasubiri.

9. Kazi ya nyumbani ina adui wawili. Wa kwanza ni wale mnaoishi nao, ambao kwao mtu asiyevaa viatu hana kazi. Utatumwa. Utaachiwa mtoto wa watu "kwa dakika tano, si upo tu". Mimi nilijaribu kueleza, nikajaribu kununa, mwisho nikaanza kuvaa viatu. Viatu vya kutokea, ndani ya nyumba, saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Msinicheke, ukisimama umevaa viatu hakuna anayekutuma maji.

Adui wa pili ni wewe na simu yako kitandani. Weka jibu la kujiendesha linalotaja saa zako za kazi, kisha liamini. Mimi sikuliamini. Usiku mmoja, saa saba na kitu, jicho moja limefunguka, nikaona mtu anauliza bei ya seti ya mito sita. Nikamjibu haraka haraka nisimpoteze, nikalala nimejipongeza. Nilikuwa nimemwandikia bei ya foronya moja.

Asubuhi nikakuta ameshalipia seti mbili, na chini yake ameandika: "Dada, bei hii ni ya leo tu, au niwaite na wenzangu?"