Re: Mita inarukaruka nikipima volti ndogo sana kwenye shanti

Mkuu, mita yako si mbovu. Umesema umepitisha ampea 0.1 kwenye shanti (kipinzani kidogo sana cha kupimia mkondo) ya ampea 50 yenye milivolti 75, yaani inatoa milivolti 75 ampea zikifika 50, na kwenye skeli ya milivolti 200 namba inacheza kati ya 0.1 na 0.2. Piga hesabu: 75 gawanya kwa 50 ni milivolti 1.5 kwa kila ampea. Kwa hiyo ulichonacho ni milivolti 0.15, yaani mikrovolti 150, na skeli hiyo haina tarakimu ya kukuonyesha hiyo 5.

Hilo wazo lako la kukuza volti hiyo mara 1000 kwa LM358, ile chipu ya opampu (kikuza volti), liache. Nilishalifanya. Nikaunganisha waya mbili za kuingilia pamoja nione sifuri, nikapata volti 3 na ushee! Nikafumua, nikalehemu upya, bado ile ile. Kumbe chipu hiyo ina volti yake ya ndani. Milivolti 2 au 3 ni kawaida, na inaruhusiwa kufika 7. Zidisha kwa 1000 uone. Tafuta opampu ya aina inayojirekebisha sifuri yenyewe.

Nilipoipata, ndipo vituko vikaanza. Nikishika kibanio cha mamba kwa vidole, namba inapanda. Nikiachia, inashuka taratibu kadiri chuma kinavyopoa. Ni jambo aliloliona mwanafizikia Seebeck mwaka 1821: metali mbili tofauti zikikutana na kiungo kimoja kikawa na joto kuliko kingine, volti inazaliwa. Shaba safi kwa shaba safi ni karibu na sifuri, lakini shaba iliyoshika kutu inaweza kutoa hata mikrovolti 1000 kwa digrii moja. Sasa wewe unatafuta 150!

Kwa hiyo tupa vibanio, tumia waya wa shaba, usugue ncha mpaka zing'ae, ufunge kwenye skrubu za shanti, usubiri dakika kadhaa vipoe. Soma, kisha geuza waya pale kwenye shanti usome tena. Mimi nilipata mikrovolti 168, nikigeuza −132. Jumlisha bila alama, gawa kwa 2: 150. Ile 18 iliyozidi ilikuwa ya viungo na saketi yangu. Ila volti inayozaliwa na joto la skrubu zenyewe haifutiki kwa kugeuza, ndiyo maana nasema usugue.

Waya zisokote pamoja, zisinase mlio wa umeme wa nyumbani. Ukishapima, tupia namba zote mbili hapa, si moja.